Nataka nitengeneze kidevu, ila mdomo ndo kazi yangu

Barua

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Morogoro, kazi yangu ni MC. Nashehereshea send-off, harusi, kicheni pati, kipaimara, na nikiitwa Kilosa au Ifakara napakia vyombo kwenye kirikuu naenda. Namshukuru Mungu kazi ipo, ikifika Desemba hata muda wa kufua sina. Nimekuandikia sababu kuna jambo linanitesa na sina wa kumwambia, washkaji watacheka na nyumbani wataona nimechanganyikiwa.

Ishu ni kidevu changu. Kimeingia ndani. Ukiniangalia kwa mbele siyo mbaya sana ila kwa pembeni yaani mdomo ukiisha ndo shingo inaanza, taya halionekani kabisa. Shule ya msingi waliniita Kasuku, nikazoea, na ki ukweli nimekuwa mtu mzima bila kukifikiria sana. Mwaka jana nikashehereshea harusi moja kubwa, mpiga video akarusha klipu yangu TikTok, kanichukua kutoka chini ya jukwaa na kwa pembeni. Klipu ikatembea sana, watu walipenda nilivyoongea ila komenti zikageuka, mmoja kaandika MC kasahau kidevu nyumbani, hiyo komenti ikapata laiki kuliko klipu yenyewe. Toka hapo sina amani.

Sa hivi nikipanda jukwaani kitu cha kwanza naangalia kamera ziko wapi. Naishika maiki kule juu kichwani kwa kiganja ili mkono ufunike kidevu, fundi wa sauti analalamika kila siku kwamba maiki inapiga filimbi na sauti inaziba lakini siwezi kuacha. Juzi mama mmoja wa kamati aliniambia wanataka MC "anayependeza kwenye kamera", alafu wakamchukua mwingine.

Nimejaribu vitu. Nilianza na ile ya kugandamiza ulimi kwenye kaakaa muda wote, vijana wanaiita myuwingi, nikaagiza na kile kimpira cha kutafuna cha kutengeneza taya. Matokeo sijayaona, ila sa hivi nikifungua mdomo kuna kitu kinalia karibu na sikio na pananiuma. Ndevu nafuga ila nikinyoa kwa wembe natoka vipele, kimoja kiliwahi kuvimba kikawa kovu gumu hapa chini ya taya mpaka leo.

Sasa kuna dada wa saluni kanikutanisha na mtu anayeitwa dokta, anatokea Dar siku za Jumamosi, anachoma fila, ile sindano ya kujaza kidevu, kwenye chumba cha lodji. Anasema laki sita namaliza kila kitu, kidevu kinatoka siku hiyo hiyo na kinakaa maisha. Upande mwingine kuna rafiki yangu anasoma Uturuki, ananiambia nijichange niende kule, kuna pakeji ya upasuaji wa kidevu pamoja na hoteli na kupokelewa uwanja wa ndege. Nina milioni nne ambazo nilikuwa naweka ninunue spika na mixer zangu maana mpaka leo nakodi. Mchumba wangu nimeshapeleka sehemu ya mahari kwao, harusi mwakani, hili sijamwambia. Siku moja niligusia kwa mbali akasema mbona uko sawa, nikanyamaza.

Nisamehe kama nimeandika vibaya, nimeamka na kichwa kizito kama kawaida yangu. Mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja anasema nakoroma sana na kuna muda nanyamaza kama nimekabwa, alafu nashtuka. Mchana usingizi unanibeba hata kwenye kikao. Nahisi ni uchovu wa kazi. Na kama inasaidia kujua, meno yangu ya juu yametangulia, ya chini yako nyuma sana, kung'ata muwa kwa meno ya mbele sijawahi kuweza.

Naomba unisaidie dada. Nichome fila, nijipange niende Uturuki, au niache tu? Na je ni kukosa shukrani kwa Mungu kutaka kubadilisha sura aliyonipa?

MC, Morogoro

Majibu

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kulibeba hili peke yako. Kwanza wasiwasi wa kuonekana umechanganyikiwa utoe. Wanaume wanaoumia na kidevu, na upara, na kimo wako wengi tu, ila hawasemi, kwa hiyo kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Nikueleze nilivyokuelewa. Una kidevu kilichorudi nyuma toka utoto, uliishi nacho miaka yote ukasoma nacho ukapata kazi nacho na mchumba nacho, alafu ikaja klipu moja na komenti moja ya mtu usiyemjua, na kuanzia hapo unafanya kazi ukiwa unajificha. Kilichonigusa kuliko vyote ni hiyo maiki. Umefika mahali unaharibu sauti yako, ambayo ndo inakulisha, ili kulinda kidevu ambacho hakijawahi kukulisha. Hilo linaumiza na silichukulii poa hata kidogo, kwa hiyo sitakwambia jikubali alafu tuishie hapo.

Hebu tuanze na ile klipu. Umesema mwenyewe alikuchukua kutoka chini ya jukwaa. Kamera ikitokea chini inakuta shingo na nyama za chini ya taya kwanza, kidevu kinamezwa, hata mwenye taya pana anapoteza kidogo. Na simu nayo ina mambo yake. Kuna utafiti ulichapishwa Marekani mwaka 2018 ukaonyesha selfi ya umbali wa sentimita 30 hivi inaifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 zaidi ya ilivyo, kwa sababu kilicho karibu na lenzi kinakuzwa na kilicho nyuma kinapunguzwa, sasa kwa mtu mwenye kidevu cha nyuma hesabu inakuwa mbaya mara mbili. Sisemi kidevu chako ni cha kufikirika, wewe unakijua. Ninachouliza ni kama sura unayotaka kuitengeneza ni ile ambayo watu mia tatu ukumbini wanaiona usiku mzima, au ni ile ya sekunde chache za simu iliyoshikwa vibaya.

Na yule mama wa kamati, una uhakika alimaanisha kidevu? Inawezekana, siwezi kubisha, sikuwepo. Ila kamati inaposema anayependeza kwenye kamera inaweza kuwa suti, inaweza kuwa mtu anayetulia na kuangalia watu usoni, na wewe miezi hii umekuwa mtu anayekwepa kamera na maiki inapiga filimbi. Angalia pia daftari lako la kazi, linganisha msimu huu na wa kabla ya klipu, uone kama kazi kweli zimepungua au ni hofu tu ndo imeongezeka.

Sasa nije kwenye kitu ulichokiandika mwishoni kama vile hakihusiani, ambacho kwangu ndo kizito kuliko fila na Uturuki vyote. Kukoroma, kunyamaza kama umekabwa, kushtuka, kichwa kizito asubuhi, usingizi mchana. Mdogo wangu, huo uchovu wa kazi unaousema unaweza usiwe uchovu wa kazi. Taya la chini likikaa nyuma ulimi nao unakaa nyuma, ukilala misuli inalegea, njia ya hewa inabana mpaka pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, ubongo unakushtua uvute hewa, unalala tena, inajirudia hivyo usiku kucha bila wewe kujua. Ikiachwa inapandisha presha na kuuchosha moyo, na usingizi wa mchana ni hatari kwa mtu anayerudi na kirikuu kutoka Ifakara alfajiri baada ya harusi. Kama unalo tatizo hili la pumzi kukatika usingizini au huna ni kipimo ndo kitasema, ila dalili ulizoandika zinatosha kabisa kukupeleka kupima.

Na ukiunganisha na hiyo ya meno ya chini kukaa nyuma na kushindwa kung'ata muwa toka utoto, basi kuna uwezekano tatizo lako siyo ncha ya kidevu peke yake, ni taya zima la chini limekaa nyuma. Watu wanachanganya sana hapa na hela nyingi inapotelea hapa. Anayepungukiwa ncha tu ya kidevu ana dawa yake, na ambaye taya lake lote liko nyuma ana dawa nyingine. Fila inaongeza ujazo mbele ya mfupa, taya linabaki palepale, ulimi unabaki palepale, kukoroma kunabaki palepale.

Tuzungumzie hiyo fila basi maana najua ndo inakuvuta, na sikulaumu, kuingia Jumamosi na kutoka na kidevu ni jambo la kutamanisha. Fila ya kawaida ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, inachomwa chini ya ngozi au karibu na mfupa kusukuma kidevu mbele na kuchora mstari wa taya. Siyo uchawi wala siyo utapeli yenyewe kama yenyewe, Marekani mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilipitisha fila inayoitwa Juvéderm Volux kwa kazi hiyo ya taya mwaka 2022, kwa watu wazima waliozidi miaka 21. Uzuri wake haina kisu, na usipoipenda kuna dawa inaitwa hayaluronidesi inaiyeyusha. Ubaya wake ni kwamba inaisha, inashika kama mwaka hivi, wengine zaidi kidogo, kwa hiyo laki sita yako siyo ya mara moja, ni kodi. Na hatari kubwa ni sindano kuingia kwenye mshipa wa damu au kuubana, ngozi ikakosa damu ikaoza, na imeshatokea watu kupofuka, ni mara chache ila imetokea. Ikitokea, anayechoma anatakiwa aijue pale pale na awe na hayaluronidesi mkononi. Kwenye chumba cha lodji, Jumamosi jioni, dokta anawahi basi la kurudi Dar, nani atakuwa nayo?

Alafu hilo neno maisha lililonishtua. Fila ya hayaluroniki haikai maisha. Kwa hiyo ama huyo mtu anakudanganya, ama anachochoma siyo hiyo, kinaweza kuwa silikoni ya maji au kitu kingine kisichoyeyuka, na hivyo vikienda vibaya vinavimba, vinafanya mabonge, vinahama mahali, na kuvitoa ni kupasua tena kwa shida. Kabla hujatoa hata shilingi una haki ya kumuuliza jina lake kamili na namba yake ya usajili Baraza la Madaktari Tanganyika, akuonyeshe boksi la dawa halijafunguliwa, usome jina, usome tarehe ya kuisha, uulize TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama wanaitambua. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kuulizwa hayo.

Upande wa upasuaji kuna njia kama tatu na zinatofautiana sana. Kuna kuweka kipandikizi cha silikoni mbele ya mfupa wa kidevu, kinakaa muda mrefu ila kinaweza kupata maambukizi, kuhama, au taratibu kuula mfupa ulio chini yake. Kuna jenioplasti, hapo daktari anakata ncha ya mfupa wa kidevu chako mwenyewe, anaisogeza mbele na kuifunga kwa vyuma vidogo vya titani, unapewa usingizi kamili. Na kuna ile kubwa ya kusogeza taya lote la chini, hii ndo inarekebisha na meno yanavyokutana na mara nyingi inaifungua na njia ya hewa, lakini inaanza na waya za meno kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka na zaidi, ndipo upasuaji wenyewe. Ni safari hiyo, usidanganywe kwamba ni kitu cha pakeji ya wiki moja na hoteli.

Hapa nataka utulie maana wewe siyo mtu wa kawaida, wewe ni MC. Ndani ya taya la chini inapita neva inayochomoza nje ya mfupa karibu na kidevu, ndo inayokupa hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu chote. Upasuaji wowote wa eneo hilo unaweza kuisumbua, ganzi ya wiki au miezi ni ya kawaida, na kuna wachache haiondoki. Mtu wa ofisini anaweza kuishi na mdomo wenye ganzi na asiathirike sana kazini, ila wewe unatamka majina ya wakwe na wajomba mbele ya maiki, unaimba, unapiga vigelegele, ukiwa hausikii mdomo wako wa chini uko wapi utajikuta unatema mate au unatafuna maneno. Hata ikienda vizuri bado una wiki kadhaa za uvimbe na kula uji na supu, huo ni msimu wa kupangilia mapema, siyo Desemba. Daktari yeyote utakayekaa naye mwambie kazi yako kabla hujamwambia kidevu chako.

Uturuki wana madaktari wazuri, hilo halina ubishi, kinachonipa wasiwasi ni siku ya kumi baada ya kurudi, mshono umeachia au kidevu kinatoa usaha na aliyekupasua yuko Istanbul. Milioni nne pia nahisi tiketi na kujitunza vitazimaliza kabla hujafika kwenye kidevu.

Kovu lako la chini ya taya nalo usilisahau. Ngozi zetu zinashika keloidi, yale makovu magumu yanayovimba, kirahisi na eneo la taya na ndevu ni mojawapo ya sehemu zinazopenda. Mwonyeshe daktari hilo kovu wala usione aibu, kwa sababu jenioplasti na hata kipandikizi vinaweza kuingizwa kwa ndani ya mdomo, na huko ndani keloidi haioti kama kwenye ngozi ya nje, kwa hiyo swali la atapitia wapi kwako ni la msingi. Kwa sasa achana na wembe, tumia mashine ya kunyolea ukiacha ndevu fupi. Ndevu zilizochongwa vizuri zikiachwa ndefu kidogo kwenye kidevu kuliko mashavuni zinaongeza umbo kwa pembeni, kinyozi mzuri anajua hiyo kazi. Najua utaona ni kitu kidogo ukilinganisha na upasuaji, ila ni kitu unachoweza kukijaribu wiki hii na ukakiacha wiki ijayo.

Kimpira cha kutafuna kiweke pembeni. Kinakuza misuli ya pembeni ya taya, mfupa wa kidevu hausogei hata uzi, na hicho kinacholia karibu na sikio ni kiungio cha taya kinachokwambia kimechoka. Na ile ya ulimi, ilitokana na mafundisho ya daktari wa meno wa Uingereza, John Mew, na chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kimeshasema hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba inabadilisha taya.

Kwa hiyo ukiniuliza mlango wa kuanzia, mimi naona ni daktari wa meno hapo hapo hospitali ya mkoa, mweleze kung'ata, kulia kwa taya na kukoroma, muombe rufaa ya daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Muhimbili wapo, na siku hizi na SGR unaweza kwenda asubuhi jioni uko nyumbani. Atakupiga picha ya fuvu kwa pembeni na hapo kwa mara ya kwanza utajua kama ni ncha, ni taya, au ni vyote. Ukishajua hilo, ukaamua fila kwa mtaalamu aliyesajiliwa, au upasuaji, au ndevu na spika mpya, utakuwa unaamua ukiwa unaona. Huenda pia ukaambiwa usingizi wako unahitaji matibabu na kidevu hakihitaji kitu, au ukaambiwa vyote viwili vinatibika pamoja. Na kuna jambo la hela usilipuuze, bima nyingi hazilipi urembo, ila shida ya kung'ata na kupumua inaweza kuingia kwenye mafungu mengine kabisa, uliza mapema.

Umeuliza kuhusu Mungu. Mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura akishonwa hakuna anayemwambia mama yake hana shukrani, na anayevaa miwani hatumhesabii dhambi. Wengine wanatofautisha kati ya kurekebisha kilichopungua na kujibadilisha kwa kufuata fasheni, na mpaka huo kila dini inauchora kivyake, kwa hiyo kaa na sheikh au mchungaji unayemwamini, umwambie yote pamoja na habari ya pumzi. Swali la kujiuliza wewe mwenyewe ni jingine: kidevu kikitoka vizuri kabisa, siku akitokea mtu akaandika komenti kuhusu masikio yako itakuwaje? Kama ukilisikia hilo moyo unashuka, tafuta pia mtu wa kuongea naye kuhusu hiyo klipu yenyewe, mshauri nasaha au mtu mzima unayemheshimu, kwa sababu sindano haifiki huko.

Na mchumba wako. Alipokwambia uko sawa inawezekana alijibu kidevu, hakujua kwamba unalala vibaya, unaficha uso kazini na unataka kutumia hela ya spika. Hajapewa habari nzima. Ukipasuliwa, yeye ndo atakukorogea uji na kujibu simu za kamati, na kama ni shida ya pumzi mwakani ndo atakuwa pembeni yako usiku. Anza kwa kumwambia ya usingizi, hiyo ni rahisi kuitamka, ya kidevu itafuata yenyewe. Mdogo wako naye mwombe usiku mmoja akurekodi kwa simu pale unapokoroma na kunyamaza, nenda nayo hiyo rekodi kwa daktari, itamsaidia kuliko maelezo yoyote utakayompa ukiwa macho.